Mesh ya Zigbee kwa nyumba ya Kigoma: anza na umeme, sensa zije mwisho

Wakuu, hii ni kwa nyie mnaotaka taa, geti, tenki la maji na sensa za milango ziongee zenyewe kwa Zigbee, yaani redio ya nguvu ndogo ambayo vifaa vinapokezana ujumbe kimoja hadi kingine (huko kupokezana ndo mesh), na mmeshachoka kufungua simu mnakuta kifaa kimeandikwa hakipatikani. Mifano yangu ni ya nyumba za huku kwetu Kigoma, Mwanga, Mlole, Gungu, Bangwe, yaani tofali za kuchoma au za saruji, bati juu, vyumba vya uani kwa nyuma, tenki kwenye mnara na kiwanja kinachoteremka. Ukiwa Tabora kwenye kiwanja tambarare ruka habari za mteremko, mengine yote ni yale yale.

Kitu kimoja kikae kichwani kabla hujashika bisibisi: mesh inasimama kwa vile vifaa ambavyo havizimwi. Sio kwa wingi wa sensa, sio kwa urefu wa antena, wala sio kwa bei uliyonunulia.

Iko hivi. Kwenye Zigbee kuna kodineta, ambayo ni moja tu na ndo inayoanzisha mtandao. Kuna rauta, na hapa simaanishi ile rauta yako ya waifai, namaanisha kifaa chochote cha Zigbee kinachokula umeme wa ukutani, kama soketi janja au swichi yenye waya wa nyutro (ule wa kurudisha umeme), hicho kinapokea ujumbe wa mwenzake na kuusogeza mbele, kama jamaa wa Kibirizi wanavyopokezana magunia ya dagaa kutoka kwenye boti mpaka kwenye gari. Halafu kuna vifaa vya betri, hivi havimsaidii mtu, vinalala muda mwingi, vinaamka kidogo vinaongea na rauta moja tu (au kodineta) ambayo ni mzazi wao kisha vinalala tena. Kwahiyo ukinunua sensa ishirini za betri hujaongeza nguvu ya mtandao hata chembe, umeongeza mzigo.

Mtu ataniuliza kwani waifai ina shida gani. Kwa kifaa kimoja viwili haina shida. Ila rauta nyingi tunazopewa na kampuni za intaneti zikishabeba simu za familia, tivii na kamera zinaanza kuhema, halafu vifaa vingi vya waifai vya bei rahisi amri inaenda kwanza kwenye seva huko nje ya nchi ndo irudi kuwasha taa ya sebuleni kwako, bando likiisha na akili ya nyumba inaisha. Zigbee ukiifunga vizuri haijui habari za bando. Kasi yake ni ndogo, kilobiti 250 kwa sekunde, kwahiyo usitegemee kupitisha kamera humo, kamera ibaki kwenye waifai au waya.

Hatua ya 1: Tembea na kalamu

Chukua karatasi, chora nyumba kwa juu, na uani, na geti, na tenki. Sasa pita soketi moja moja ujiulize swali moja tu, hii soketi kuna mtu anaizima? Ile ya jikoni ambayo kila akimaliza kuchemsha maji anabonyeza swichi chini, weka alama ya mkasi. Ile ya nyuma ya friji haizimwi kamwe, hiyo ni dhahabu. Ya nyuma ya tivii inategemea na nyumba, kuna nyumba mzee akienda kulala anazima kila kitu mpaka soketi ya king'amuzi, na hapo huwezi kubishana naye, we tafuta soketi nyingine.

Weka alama pia kwenye vitu vinavyoua mawimbi. Zege lenye nondo, lenta, grili nzito, milango ya chuma, bati, friji lenyewe. Na maji. Masafa ya 2.4 GHz yanamezwa na maji, ndo maana sensa iliyokaa nyuma ya tenki inaweza kuongea vizuri tenki likiwa tupu halafu ikapotea likijaa, na mtu anahangaika kubadilisha betri wakati kinachotakiwa ni kuihamishia upande wa pili.

Hatua ya 2: Ubongo na stiki

Unahitaji kompyuta ndogo ya kuendesha Home Assistant, programu ya kuongoza vifaa vya nyumba, pamoja na Zigbee2MQTT inayoiunganisha na vifaa vya Zigbee, au ZHA ya kazi hiyo hiyo ambayo inakuja humo humo. Wengi wanakimbilia Raspberry Pi 4 na ni nzuri, ila kwa mazingira yetu mi napenda laptop ya zamani yenye betri inayoshika hata lisaa, maana ina betri yake ndani tayari, umeme ukikata haishtuki. Ukitumia Pi usiweke mfumo kwenye memori kadi ukategemea uishi, kukatika katika kwa umeme huwa kunaharibu data za kadi, weka SSD, ile diski ya kielektroniki.

Stiki ya USB ya Zigbee ndo kodineta yako. Sonoff ZBDongle-P yenye chipu ya CC2652P au ile ya E yenye EFR32MG21 zote zinafaa. Zile za zamani za CC2531 achana nazo hata ukipewa bure, zinabeba vifaa vichache mno.

Sasa hapa pana jambo ambalo watu wanalidharau. Tundu za USB 3 zinatoa kelele kwenye masafa yale yale ya 2.4 GHz, Intel walishachapisha habari hiyo tangu 2012, na SSD uliyochomeka inapiga kelele hizo pembeni kabisa ya antena yako. Dawa ni waya wa USB wa kurefusha, mita 1 mpaka 2, chomeka kwenye tundu la USB 2 kama lipo, na stiki ikae juu mbali na kompyuta, mbali na rauta ya waifai angalau mita moja mbili, isilale nyuma ya tivii. Kawaya haka ni ka bei ndogo kuliko vyote utakavyonunua na ndo kanakotibu nyumba nyingi kuliko kitu kingine chochote. Na kama inawezekana hiyo stiki iwe katikati ya nyumba, korido ni pazuri, sio chumba cha pembeni kwa sababu tu intaneti inaingilia hapo.

Hatua ya 3: Chagua chaneli kabla hujaunganisha kitu

Zigbee ina chaneli 11 mpaka 26 na zinakaa eneo moja na waifai ya 2.4. Waifai ya chaneli 1 inakalia Zigbee 11 mpaka 14, waifai 6 inakalia 16 mpaka 19, waifai 11 inakalia 21 mpaka 24. Zinazobaki kwenye mianya ni 15, 20, 25 na 26, ila 26 iache, kuna vifaa havipendi na vingine vinashusha nguvu vikifika huko.

Ingia kwenye rauta ya waifai, toa ile otomatiki, iweke chaneli 1 na upana wa 20 MHz, sio 40. Kisha Zigbee weka 20 au 25. Kabla ya hapo pakua programu ya kuangalia waifai kwenye simu uone majirani wako wapi, huko Mwanga karibu na sokoni utakuta wamejazana, Bangwe unaweza kuwa peke yako. Angalia hili sana maana Zigbee2MQTT usipoigusa inaanza na 11, yaani unakaa chini ya waifai 1 moja kwa moja. Ukija kubadilisha chaneli baadaye vifaa vingine vitakufuata na vingine vitagoma, uanze kupanda ngazi kuviunganisha upya, kwahiyo amua sasa.

Hatua ya 4: Jenga uti wa mgongo

Hapa ndo utumie hela. Soketi janja za Zigbee za pini tatu ndo njia rahisi, unachomeka imeisha, hakuna kufungua ukuta. Nunua zenye pini zetu kabisa, zile za pini mbili za duara ukiziwekea adapta zinalegea, na kikilegea kinapata moto. Na usizichomekee pasi, hita ya maji wala jiko la umeme, hata kama imeandikwa ampea 16, kazi ya hizi soketi kwetu ni kupitisha ujumbe, chaja ya simu inatosha kuchomekwa hapo au ikae tupu.

Moduli za nyuma ya swichi ni nzuri zaidi kwa sababu hazionekani na hakuna mtoto wa kuzichomoa, ila zinadai nyutro. Nyumba zetu nyingi ukifungua boksi la swichi unakuta laivu na waya unaopanda kwenye taa, basi, nyutro imepita juu kwenye silingi rozi. Unayo njia mbili. Ya kwanza unaweka moduli juu kule kwenye taa, ndani ya silingi, ambako nyutro ipo, na laivu inaenda moja kwa moja kwenye moduli badala ya kukatwa na swichi, swichi ya ukutani inabaki kutoa amri tu. Ya pili unanunua swichi isiyodai nyutro, ambayo itawasha taa vizuri tu ila mara nyingi haipitishi ujumbe wa mwingine, kwenye mesh inahesabika kama sensa ya betri. Watu wanafunga swichi kumi za namna hii halafu wanashangaa kwa nini uani hakuna mtandao. Kazi yenyewe ya waya mpe fundi mwenye leseni, na maini izimwe kabla kifuniko hakijafunguliwa.

Balbu janja mi sizipendi kwa kazi hii. Balbu ya Zigbee ni rauta, sawa, lakini mgeni akiingia chumbani anazima swichi ya ukutani kama alivyozoea tangu azaliwe, balbu inakufa, na sensa zote zilizokuwa zinapitia hapo zinaachwa hewani. Ukitaka balbu iweke mahali ambapo swichi yake imefungwa isizimwe.

Umbali? Ndani ya nyumba ya tofali weka rauta kila chumba kimoja au viwili, kama mita 8 mpaka 10 kwenda nyingine, na kuta zisizidi mbili katikati. Lengo ni kila sensa iwe na rauta mbili inazoweza kuzifikia, moja ikifa ihamie nyingine. Zigbee huwa haiangalii umbali kama wewe unavyoangalia kwenye karatasi, kwahiyo usishangae sensa ya jikoni ikapitia chumba cha watoto.

Hatua ya 5: Umeme ukikata inakuwaje

Huku miaka mingi tumeishi kwa majenereta ya dizeli kabla gridi haijafika, kila mtu ana mazoea yake ya kukaa gizani, lakini mesh haina mazoea. Umeme ukikatika au LUKU ikiisha usiku, soketi zote zinakufa kwa pamoja, laptop inabaki hai inaita mtu hajibu, sensa zinaanza kutafuta mzazi mpya na betri zinaliwa. Umeme ukirudi rauta zinapanda zenyewe, sensa nyingi zinarudi, ila kuna baadhi zinabaki zimezubaa mpaka uzibonyeze kitufe.

Kwahiyo usiache uti wa mgongo wote kwenye umeme wa ukutani tu. Chagua mstari mmoja, tuseme sebule, korido, jikoni, mlango wa uani, huo uupe umeme wa akiba. Kama una inveta na betri za sola, fundi akupe laini ya soketi hizo tu, rauta moja ya Zigbee inakula kama wati moja hivi, haitaangusha betri yako. Kama huna inveta, kuna rauta ndogo za Zigbee zinazotumia USB ya volti 5, hizo unazichomeka kwenye yupiesi ndogo ile ile inayoshikilia rauta ya waifai kama ina tundu la USB. Hata stiki ya pili ya Sonoff unaweza kuiwekea programu ya rauta ukaichomeka kwenye chaja, inakuwa rauta nzuri kuliko soketi nyingi, ina antena ya nje ya kweli.

Pangilia pia kila kifaa kifanye nini umeme ukirudi. Kwenye mipangilio kuna kuwaka, kuzima, au kurudi kilivyokuwa. Taa weka kurudi kilivyokuwa. Pampu weka kuzima, tena bila mjadala.

Umeme unaporudi mara nyingine unakuja umepanda, soketi hizi ndani yake zina vipuri vidogo, vinaweza kupasuka. Ile friji gadi inayosubiri dakika chache kabla ya kuachia umeme iweke kwenye ubongo na waifai. Kuhusu radi, za Kigoma kuanzia mvua zikianza mwezi wa kumi na moja hazina haja ya maelezo. Hakikisha ethi ipo kweli ardhini na sio waya umening'inia nyuma ya ukuta. Na hapa ndo utaona raha ya mesh, kutoka nyumba kubwa kwenda uani huna waya wa mtandao wa kubeba radi kutoka jengo moja kuingia jingine.

Hatua ya 6: Kuunganisha, na mpangilio wake

Rauta kwanza. Anza na iliyo karibu na stiki, kisha inayofuata, unasogea nje taratibu mpaka ufike geti. Usiunganishe soketi zote ukiwa umekaa mezani halafu ukazigawa. Ukimaliza zote ziache zitulie usiku mzima, zinajuana zenyewe.

Kesho yake sensa za betri, na kila moja iunganishe pale pale itakapokaa. Zigbee2MQTT inafungua mlango wa kupokea vifaa vipya kwa sekunde 254, na unaweza kuchagua mlango ufunguliwe kupitia rauta fulani tu, itumie hiyo, mfano sensa ya mlango wa uani ifungulie kupitia soketi ya jikoni. Sensa inapohojiwa na mfumo ijulikane ni kifaa gani huwa inasinzia katikati, endelea kubonyeza kitufe chake kila sekunde moja mbili mpaka mahojiano yakamilike, la sivyo utapata kifaa nusu nusu kisicho na data.

Majina yape ya maana saa hiyo hiyo, soketi_korido, sensa_tenki_juu. Baada ya mwezi hutakumbuka 0x00158d ni nini.

Hatua ya 7: Uani, tenki na geti

Ukuta wa mwisho wa nyumba kubwa ndo unaokata watu. Rauta ya mwisho ndani iweke dirishani upande wa uani, sio nyuma ya kabati, na ya kwanza ya nje ikae ikitazamana nayo, chini ya bamba la paa kwenye baraza, ndani ya boksi la plastiki la IP65, lisiloingiza vumbi wala maji ya mvua. Boksi la chuma usithubutu, umeifungia kaburini. Usiipandishe juu ya kenchi chini ya bati pia, mchana pale pana joto kali na bati lenyewe linarudisha mawimbi.

Kwenye mteremko, vyumba vya uani vinaweza kuwa chini ya nyumba kubwa kwa mita mbili tatu. Antena iliyosimama wima inarusha kwenda pembeni, juu na chini kabisa inarusha kidogo sana, kwahiyo stiki au rauta inayotazama bondeni ilaze kidogo uone tofauti. Ikishindikana weka rauta moja katikati ya ngazi, taa ya nje pale ina kazi mbili.

Pampu sasa. Pampu ya hosipawa 1 ni kama wati 746, lakini inapoanza inavuta mkondo mara kadhaa ya huo, ukiipitisha kwenye soketi janja moja kwa moja meno ya swichi ya ndani yake yanaweza kuungana na pampu isizimike tena. Moduli iwashe koili ya kontakta (swichi nzito ya sumaku), kontakta ndo ibebe pampu. Na ile floti ya kawaida ndani ya tenki usiitoe, ibaki kwenye waya, mesh ikilala usiku floti bado inakata.

Geti ukifungia sensa kwenye bati la geti lenyewe mawimbi yanazibwa, iweke kwenye nguzo na sumaku ndo ikae kwenye geti.

Hatua ya 8: Jaribu kuivunja

Zima maini kusudi, subiri nusu saa, washa. Angalia nani karudi na nani hajarudi. Siku nyingine chomoa rauta moja tu ya katikati, iache masaa, uone kama sensa zake zimehama. Zisipohama hapo pana pengo, ongeza rauta.

Ramani ya mtandao ina namba za LQI, yaani ubora wa mawimbi, kutoka 0 mpaka 255, watu wanazisoma kama matokeo ya mtihani. Kila kampuni inapima kivyake, na mistari mingine ya ramani ni ya zamani. Mi naangalia zaidi muda kifaa kilipoonekana mwisho. Jua tu kwamba Zigbee2MQTT ukiwasha ule ukaguzi wa upatikanaji, kifaa cha umeme kinahesabiwa kimepotea baada ya dakika 10, lakini cha betri ni mpaka dakika 1500, yaani saa 25, kwahiyo sensa ya tenki inaweza kuwa imekufa tangu jana asubuhi na bado inaonekana mzima. Kwa tenki na geti punguza huo muda.

Betri za CR2032 na CR2450 za mtaani zingine zinaandika asilimia 100 halafu zinaanguka ghafla, nunua zilizo kwenye pakiti yake na pima na mita kama unayo, mpya inatakiwa ikae volti 3 na kidogo.

Wanaouliza kuhusu Matter na Thread, viwango vipya vya nyumba janja, Matter ilitoka rasmi Oktoba 2022 na Thread inatumia redio ya 802.15.4 kama Zigbee, masafa yale yale, kwahiyo habari za chaneli, waya wa USB na rauta zisizozimwa zinabaki vilevile. Ila vifaa vya Zigbee na vya Thread havipitishiani ujumbe, ni mesh mbili tofauti, ukichanganya bila mpango unakuwa na mbili dhaifu.

Mwisho kabisa fanya bakapu ya kodineta, Zigbee2MQTT ina kitufe chake, na faili litoe nje ya hiyo kompyuta, liweke kwenye flashi au simu. Stiki ikiungua na radi unanunua nyingine ya aina ile ile, unarudisha faili, na vifaa vingi vinaendelea bila kupanda ngazi.